Waya Mwekundu, Waya wa Kijani

Duka la mbao alikokuwa akipakia mizigo lilipofungwa, Mrefu alibaki akizunguka nyumba kama mtu aliyepoteza ufunguo. Mkewe alikwenda kwa kaka yake, fundi umeme, akarudi na maneno machache: "Kesho asubuhi. Vaa viatu vya soli ya mpira."

Kuwa mwanagenzi huku ana watoto wawili wanaosoma kulimtia haya. Lakini fundi alipomwona akigusa dari bila kupanda kitu, alicheka. "Shemeji, ngazi sasa naiuza!"

Mrefu alichimba kuta kwa patasi na nyundo, akalaza mabomba ya plastiki, akavuta nyaya ndani yake mpaka vidole vikachubuka. Jioni alijiosha vumbi la saruji, kisha akawachorea wanawe jinsi umeme unavyoingia nyumbani. Kazi ilimkaa kichwani upesi. Kwa mara ya kwanza mkewe alimsikia akipiga mluzi bafuni.

Basi fundi akamwachia soketi zote za nyumba mpya ya mwalimu mstaafu. "Unajua utaratibu. Mwekundu ni wa moto, mweusi unarudisha, wa kijani unakwenda ardhini kwa usalama."

"Najua, shemeji."

Kabla ya kuwasha, fundi alifungua soketi ya jikoni kukagua. Akamwita Mrefu. Waya wa moto ulikuwa umefungwa mahali pa waya wa ardhini.

"Unaona hii? Mama wa watu angechomeka jokofu hapa, akashika mlango, basi tena!"

Mrefu aliomba radhi, akazifungua zote na kuzifunga upya. Safari hii alikwenda polepole, akiinamia kila waya. Fundi alipokagua, jikoni palikuwa sawa. Chumbani pamekosewa vilevile.

Fundi alifoka, kisha akatulia ghafla. Alikata vipande viwili vya waya, chekundu na cha kijani, akamvuta shemeji yake dirishani penye mwanga.

"Mwekundu upi?"

Mrefu alitazama. Vyote vilikuwa na rangi ya tope lililokauka. "Huu," alisema, akikisia.

Fundi alivichanganya nyuma ya mgongo, akavitoa tena. "Sasa?"

"Huo."

"Unanitania?"

"Sikutanii, shemeji. Naona rangi moja."

Siku zote alidhani watu wengine nao hukisia. Mkewe alipozoea kumchagulia mashati, aliona ni mapenzi tu.

Daktari wa macho alimfungulia kitabu cha madoadoa, akamuuliza anaona namba gani. Mrefu alisema anaona madoadoa. Daktari alifunga kitabu taratibu. "Umezaliwa hivyo. Haina dawa, na miwani haitakusaidia."

"Hata ile ya bei kubwa?"

"Hata hiyo."

Mkewe hakukubali. Alimwaga vipande vya nyaya mezani, akamfundisha kama mtoto wa chekechea: huu umekoza, huu umepauka. Mrefu alipatia, akapatia tena, wote wakachangamka. Wingu lilipopita, chumba kikafifia kidogo, akakosa vyote. Mkewe alivikusanya bila kumtazama usoni.

Alikwenda kumsihi fundi. "Nitapima kila waya kwa testa kabla ya kuufunga."

"Na siku testa ikiharibika? Na mtihani wa leseni? Jambo la kwanza watakupima macho." Fundi alikuwa akijifuta mikono iliyokwisha kuwa safi. "Wewe ni shemeji yangu. Ingekuwa uvivu, ningekuchapa makofi tukamaliza. Hili nilifanyeje?"



Mrefu hakufukuzwa. Mpaka leo huchimba kuta na kulaza mabomba, na hakuna anayeyanyoosha kama yeye. Nyaya zikishavutwa, hukaa pembeni na patasi yake, akimwacha binti aliyeanza kazi juzi afunge soketi. Binti huyo humwita mjomba, na kwa heshima humuuliza mambo ya ufundi. Mrefu humwelekeza yote, hatua kwa hatua, bila kukosea hata moja.

"Sasa wewe mbona hufungi, mjomba?" alimuuliza siku moja.

"Macho," alisema Mrefu, akainuka kwenda kufagia vumbi la chumba cha pili.