Kura ya Effie Mbele ya Baba Yake wa Jina

Effie Nivingalok alikuwa na miaka hamsini na minane, na baba yake alikuwa na thelathini na mmoja. Katika kijiji chetu cha Kangikhuk, huku kaskazini kwenye barafu, hakuna aliyeona ajabu. Mzee Kokilak, baba mzazi wa Effie, alizama chini ya barafu mwezi wa Mei mwaka tisini na mbili. Wiki tatu baadaye Lena wa nyumba ya pili akajifungua mtoto wa kiume, akampa jina la marehemu. Kwenye cheti waliandika Darrell, kwa ajili ya shule na zahanati, lakini kwetu jina ndilo mtu, anayelipokea ni marehemu amerudi, na jina lilikuwa Kokilak. Sleji ya mzee, gari lake la kuburutwa juu ya barafu, iliopolewa, mwenyewe hakuonekana tena. Effie, macho yamemvimba kwa kilio, alikipakata kile kitoto akakiita baba.

Hayakuwa maneno ya mdomoni tu. Kila mwaka alimshonea viatu vya ngozi ya sili wa baharini kwa mkono wake. Ndege wa kwanza ambaye mtoto yule alimwinda akiwa na miaka saba aliletwa kwa Effie, angali na joto, naye akamla mpaka mifupa huku akilia na kucheka. Na kabla ya hapo, siku moja akiwa na miaka minne, mtoto alimkazia macho akasema, "Mwanangu, mbona umekonda?" Kwa namna ileile ya mzee! Effie hakupata kumkatalia kitu tangu hapo. Baba hakataliwi, na anayelikatalia jina mbele za watu huliudhi. Jina likiudhika huondoka, na aliyelibeba huugua. Mambo hayo kila mtu anayajua.

Taabu ni kwamba baba huyu alikua akawa mwanasiasa.

Majira yote ya baridi Darrell alizunguka kwa pikipiki ya theluji, kijiji hadi kijiji, akitaka sisi wa magharibi tujitoe Nunavut, jimbo kubwa la watu wetu wote wa kaskazini, tuwe na jimbo letu wenyewe. Vijiji vinne vilishakubali. Kilibaki Kangikhuk, na bila Kangikhuk hoja haikuwa na pa kwenda. Mwenyekiti wa halmashauri ya Kangikhuk alikuwa Effie, na madiwani wake sita walikuwa wamegawanyika nusu kwa nusu. Ukitaka kumtesa mtu, mpe cheo kama hicho.

Asubuhi ya kikao walikaa wawili sakafuni kwa Effie, juu ya kipande cha boksi, wakila samaki mbichi aliyegandishwa.

"Mwanangu, ni leo saa nane," Darrell alisema.

"Kula, baba. Samaki anayeyuka."

"Watatu wako na mimi, watatu wananikataa. Hesabu unaijua."

"Naijua sana. Mimi ndiye niliyekufundisha kuhesabu."

"Na mimi ndiye niliyekufundisha kutembea," alijibu, wakacheka wote wawili, kwa kuwa yote mawili yalikuwa kweli.

Kisha Darrell akaacha kucheka. "Serikali iko kule mashariki, ndege mbili na kulala njiani. Tukifungua mdomo wanatucheka tunavyoongea. Nimepiga simu juzi, karani wao ananiuliza, Kangikhuk ndio wapi? Karani wa serikali yetu wenyewe, mwanangu! Hii ndiyo tuliyoitaka?"

Hapo Effie alijua anasema kweli. Paa la shule lilivuja miezi kumi na moja kabla barua yake haijajibiwa. Lakini alimkumbuka baba yake akiwa na kisahani cha namba shingoni, maana wakubwa wa Kizungu wa kusini walichoka kujifunza majina ya watu wakawagawia namba, kama mbwa wa mtu. Mzee alikuwa akisema anataka serikali moja kubwa ya watu wake kabla hajafa, kubwa kiasi kwamba watu wa kusini hawataweza kuimeza. Effie aliamini hivyo mpaka leo. Tukijitenga, vijiji vitano na watu wasiojaza ukumbi mmoja wa mjini, tutamezwa kabla ya chai.

"Ulikufa ukiwapeleka watu kuipigia kura Nunavut," alisema polepole.

"Nilikufa," Darrell akakubali, akifuta kisu chake. "Na sasa nimerudi kurekebisha."

Effie aliinuka akaweka maji ya chai, ingawa chai ilikuwepo.

Saa nane ukumbi ulijaa hadi milangoni, na ambao hawakupata nafasi walisikiliza kwa redio ya kijiji. Bingo ya redioni, ule mchezo wa namba wenye zawadi, ilikuwa imesogezwa mbele, jambo ambalo bibi Mamie, mwenye miaka themanini na zaidi, hakulisamehe.

"Fanyeni haraka, nyie!" alipaza sauti kutoka kiti cha mbele. "Mkimaliza kugawana nchi, na sisi tupate bingo yetu!"

Watu walicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Darrell alitoa hoja yake vizuri, bila karatasi. Wanaounga mkono: mikono mitatu. Wanaopinga: mikono mitatu. Karani akamgeukia Effie.

"Mwenyekiti, kura ni yako."

Kabla hajafungua mdomo, Darrell alisimama. Hakumwita mwenyekiti.

"Mwanangu," alisema, na kipaza sauti kikalichukua neno lile mpaka kwenye kila jiko la Kangikhuk. "Wote humu wanajua mimi ni nani kwako. Baba yako anakuomba."

Hapo alivuka mpaka, na nitasema hivyo hata mbele ya mama yake. Jina hupewa mtu ili apendwe kwalo; si fimbo ya kuwaswagia watu. Bibi Mamie aliinamisha kichwa. Lena, aliyelitoa jina, alijifunika uso kwa kiganja.

Effie alimtazama kijana yule aliyesimama katika viatu alivyomshonea yeye mwenyewe. Akisema hapana, amemkana baba yake mbele ya watu wake, na Darrell akiugua kesho watasema Effie ndiye aliyelifukuza jina. Akisema ndiyo, amekizamisha kile ambacho mzee alizama kwa ajili yake. Alipofungua mdomo, kilichotoka kilimshangaza hata yeye.

"Baba, siku ile kwa nini ulipita mkondoni?"

"Siku gani?"

"Siku ya barafu. Walikuonya barafu ya mkondoni, juu ya maji yaendayo kasi, imekuwa nyembamba, uzungukie nchi kavu. Ulikuwa unarudi kambini kuwachukua wazee wawili waje kupiga kura. Ulikuwa na muda. Kwa nini ulipita pale?"

Hakuwa akimtega. Swali hilo alilala nalo na kuamka nalo miaka thelathini na moja, na hakuwahi kulitoa kwa sababu aliogopa kumkumbusha baba kifo chake. Sasa alilitoa, na alitaka jibu kwa moyo wote. Laiti Darrell angenyamaza tu. Laiti angesema nilikuwa na haraka, mwanangu; Effie angemwamini, na pengine angempa nchi nzima.

Darrell alitazama madiwani, akatazama saa ukutani. Shingo ilikuwa imemwiva wekundu.

"Sasa hayo mimi ningeyajuaje, shangazi?" alisema. "Sikuwa hata nimezaliwa!"

Ukumbi mzima uliguna. Mwenyewe alilisikia neno lilipokwisha kumtoka, akanyoosha mkono mbele kama anayetaka kulidaka. "Mwanangu, sikukusudia..."

"Asante, Darrell," Effie alisema.

Hakuwahi kumwita hivyo, hata mara moja. Aliinua mkono. "Napinga," akamwambia karani, kwa sauti kavu, na karani akaandika nne kwa tatu. Darrell alitoka akiwa ameshika kofia mkononi, na watu walimpisha.

Nunavut ilibaki nzima, na paa la shule linavuja tena. Effie hakutaka pongezi za mtu. Alijifungia ndani siku mbili akamlilia baba yake kilio ambacho hakukimaliza mwaka ule, kwa sababu mwaka ule alipewa mtoto wa kupakata.

Siku ya tatu mlango wake uligongwa. Kangikhuk hakuna anayegonga mlango. Watu huingia tu, na wanaogonga ni polisi na wageni kutoka kusini. Effie alifungua akijua kuna msiba. Alikuwa Darrell, ameshika paja la kulungu wa kaskazini aliyemwinda asubuhi ile, kwa kuwa nyama haigombani na mtu. Alimkabidhi, kisha akabaki amesimama kizingitini na theluji ikimwangukia mabegani, akingoja aambiwe aingie.

Effie alitafuta neno la kumwitia, baba au Darrell, akalikosa.