Jina Nisiloweza Kulitaja: Nilivyokwenda Kuandikishwa Chuo

Kilichonitoa nyumbani ni mashine ya kukoboa mpunga. Ile mashine ya kwetu Ngana ikiwaka, ng'ombe wa Malawi ng'ambo ya mto wanaacha kula, wanasikiliza. Ikizima, kijiji kizima kinakula ndizi. Msimu uliopita ilizima, tukala ndizi asubuhi na jioni mpaka nikaogopa watoto wangu wataota migomba vichwani. Akaitwa fundi kutoka mjini. Akaja na miwani ya jua siku ya mvua, akakaa, akala kuku mzima pamoja na shingo, halafu akafungua kifuniko, akaingiza mkono na nyundo, akagonga mara moja. Kwaa! Mashine ikalia. Fundi akapanda pikipiki, huyoo.

Mimi nilikuwa pale na debe langu la mpunga. Nikajiuliza, amegonga nini humo ndani? Nilitaka kuchungulia, lakini alikuwa amefunga kifuniko haraka kama mtu anayeficha nyama mgeni akipiga hodi. Tangu siku hiyo usingizi ulihama nyumba yangu. Basi niliposikia redioni kwamba chuo cha wananchi kule upande wa ziwa kinaandikisha wanafunzi wapya wa ufundi wa mashine, na hata aliyeishia darasa la nne kama mimi anapokelewa, nilicheka peke yangu jikoni mpaka paka akatoka nje.

Mume wangu yuko Chunya, anachimba dhahabu ambayo bado haijamwona. Alipanda juu ya kichuguu akapata mtandao, akasema, "Nenda, mke wangu. Ila baba akubali."

Baba ni baba mkwe wangu, na hapa msiotoka kwetu nisikilizeni vizuri. Mimi ni Mkisi wa Ikombe, nimeolewa kwa Wanyakyusa. Kwa mila yao mkamwana na baba mkwe hawaonani uso kwa uso. Hawasalimiani, hawaingii chumba kimoja. Yeye akitokea njiani, mimi naingia kichakani. Na jina lake silitamki, hata kwa kunong'ona, hata shimoni. Siku hizi wapo walioacha, wanakaa na wakwe zao mezani wanaombana chumvi. Nyumba yetu bado. Mzee yule namjua kwa kikohozi na kwa mgongo tu. Maneno yetu hubebwa na Shangazi Tusajigwe, dada yake, mwanamke mwenye miguu mibovu na mdomo mzima kabisa.

Shangazi akaenda upande wa mzee, akarudi. "Kaka yangu anasema nenda. Na mdhamini wako ni yeye."

"Umemwambia ni ufundi wa mashine?"

"Nimemwambia ni ufundi," akasema Shangazi, akaanza kuchambua mchele. Tukaishia hapo.

Alfajiri, Ngana. Bodaboda wangu alikuwa Ambokile, kijana anayeendesha kama anadaiwa na upepo. Hatujafika hata kwenye kona ya kwanza nikasikia kikohozi mbele. Ni yeye, na mwavuli wake mweusi, anakwenda kuangalia kokoa. Sikumwambia Ambokile simama, maana hakuna muda. Niliruka na begi langu, nikatua katikati ya mikokoa, nikainama. Mzee naye alishageuka kutazama mashamba ya jirani kana kwamba hajawahi kuona mgomba maishani mwake. Ambokile akaenda mbele kipande kizima anaongea peke yake, kisha akarudi.

"Dada, nilidhani umeanguka!"

"Nimeshuka."

"Huku pikipiki inakimbia?"

"Mkwe hasubiri breki, mdogo wangu."

Njiani kwenda mjini. Mvua ya Kyela hainyeshi, inamwagwa. Kuna shimo moja la barabara nililoliona siku hiyo, nawaapia, ndani yake bata walikuwa wanaogelea na mmoja alikuwa ameshatotoa. Mbu walitusindikiza mchana kweupe, wakubwa, wenye kifua. Lakini nilifurahi. Kila kitu kilichokuwa kinazunguka nilikitazama: mnyororo wa pikipiki, pampu shambani kwa mtu, feni dukani. Nilikuwa nauliza tu. "Ambokile, hicho kinachozunguka kinazungushwa na nini?" Akasema, "Dada, ukiuliza tena tunaingia mtaroni."

Mbugani, Kyela mjini, asubuhi. Hapo tulisimama kwa mama mmoja anayepika chai na vitumbua pembeni ya duka la vifaa. "Ugonile," akanisalimia, yaani umelalaje. Nikajibu, "Ndaga," yaani asante, nikakaa. Akatazama begi langu. "Unasafiri, mama?"

"Nakwenda kuandikishwa chuo."

"Mwanao?"

"Mimi."

Akanitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye matope ya miguu, halafu akaniongezea kitumbua. "Kula, mwanafunzi. Shule ina njaa."

Chuoni. Kiko kwenye tambarare, mpunga kushoto, mpunga kulia, na mbele yake ziwa Nyasa. Ng'ambo kule milima imesimama majini kama watu wanaosubiri mtumbwi, na chini yake ndiko kwetu Ikombe, ambako mama yangu alinifundisha kufinyanga vyungu. Niliikodolea macho milima nikasema kimoyomoyo, mama, leo naenda kufinyanga chuma.

Karakana ilikuwa wazi. Harufu ya grisi ilinipokea kama shemeji. Mashine zimefunguliwa matumbo, kila utumbo uko mezani! Nilitaka kuingia palepale, lakini mlinzi akaniambia kwanza ofisini.

Ofisini alikuwepo Madamu Zuhura, mtu wa Tanga aliyehamishiwa kwetu kikazi, ushungi umenyooka, Kiswahili kinateleza kama kimepakwa mafuta ya nazi. Yeye anauliza, wewe unajibu, anaandika. Jina langu nikasema. Kwetu nikasema. Darasa la nne nikasema kwa sauti ndogo, hakucheka. Tukafika kwenye mdhamini, yaani yule wa kuitwa ukiugua au ukivunja kitu cha watu.

"Mdhamini wako nani, dada yangu?"

"Baba mkwe."

"Jina lake?"

"Mkwe."

"Mkwe nani?"

"Mkwe wa Ngana."

"Ngana nzima ina mkwe mmoja?"

Nyuma yangu kwenye foleni alikuwa dada mmoja wa Ipinda, Atupele, anakuja kusomea ushonaji. Akacheka mpaka akajishika ukutani. "Madamu, huyo hawezi kulitaja. Kwetu ni mwiko."

Madamu akaweka kalamu chini. "Hulijui?"

"Nalijua sana. Kinywa ndicho hakilijui."

"Basi liandike."

"Mkono wangu na kinywa changu ni ndugu, Madamu. Na mkono wenyewe uliishia la nne."

Atupele akajitolea kubahatisha, mimi niwe nainamisha kichwa. "Linaanza na Mwa?"

Nikainamisha. Atupele akakata tamaa mwenyewe. "Ah! Wilaya nzima inaanza na Mwa!"

Madamu Zuhura akacheka kidogo, kisha akawa mpole, na upole wa mtu wa ofisi ndio wa kuogopa. "Dada yangu, tuache jina. Mdhamini huwa anakuja mwenyewe. Anasimama hapa na mwanafunzi, wote wawili mbele yangu, anakubali kwa mdomo wake. Na leo saa kumi nafunga. Nafasi ya mashine imebaki moja."

Jamani. Kwetu neno la mzee likishapita kwa Shangazi limepita. Nilidhani na huku ni hivyohivyo. Sikujua kwamba ofisi inataka baba mkwe na mkamwana wasimame meza moja kama bwana harusi na bibi harusi!

Nikapiga simu ya Shangazi. Simu hiyo huwa inalala kwenye dirisha la pamoja, yeye na mzee waifikie wote. Ikapokelewa: kikohozi, halafu, "Haloo! Nani mwenzangu?"

Ni yeye! Nilimrushia Madamu simu kama kaa la moto.

"Shikamoo mzee," akasema Madamu. "Napiga kutoka chuoni. Naomba majina yako kamili, na uje na kitambulisho."

Sauti ya mzee tuliisikia mpaka uwanjani. "Kitambulisho? Wewe! Juzi uliniambia nimeshinda pikipiki, leo unataka kitambulisho! Tapeli mkubwa! Katafute kazi!" Akakata. Tukapiga tena, imezimwa.

Nikatoka, nikakaa barazani. Saa ya ukutani nilikuwa naisikia inavyotafuna. Kijana mmoja alifika na baba yake, akauliza kama kuna nafasi ya mashine. Madamu akamwambia, "Subirini hapo." Akanitazama. Nikatazama ziwa.

Kumbe Ngana huku nyuma Shangazi alikuwa ameitazama ile simu, akapiga kelele, "Kaka, hiyo ilikuwa namba ya mkamwana wako!" Mzee akafikiri kidogo, akapata jibu moja tu: matapeli wameiba mkamwana wake pamoja na simu.

Jua limeshaanza kuinama, nikasikia pikipiki getini. Halafu kikohozi. Halafu sauti, "Wako wapi walioiba mtoto wa watu?" Mwavuli mkono mmoja, panga mkono mwingine. Mlinzi alishapanda mti. Mti gani sijui, sikumbuki mti mahali pale.

Mimi niliruka dirisha. Niliangukia ndani ya ofisi, juu ya viti, Madamu Zuhura akapiga ukelele wa Kitanga. "Ni yeye," nikamwambia, nikajibanza nyuma ya mlango, uso ukutani.

Madamu akatoka akamweleza mzee taratibu, mpaka panga likashuka. "Kumbe wewe si tapeli," akasema mzee. "Nisamehe, mama."

"Haya, karibu ndani, tumalize."

"Ndani kuna nani?"

"Mkamwana wako."

"Basi mimi ni wa nje."

"Mzee, inatakiwa wote muwe mbele yangu."

"Sogeza kiti chako mlangoni, mama. Yeye mbele yako huku, mimi mbele yako huku. Nani atasema hatupo?"

Nasikia hadi leo kiti kile kinavyoburuzwa. Madamu akakaa kwenye kizingiti, nusu ndani, nusu nje. Mzee akampa mgongo, akalitazama ziwa. Mimi nikautazama ukuta, sijui kama ulipakwa rangi nyeupe au ya maziwa, lakini kila ufa wake naujua. Yule kijana na baba yake walisogea kusikiliza. Saa kumi ilikuwa imebakiza pumzi.

"Kozi ni ufundi wa mashine," Madamu akasema. "Mzee, unamdhamini?"

Nikasikia mwavuli ukigongwa chini.

"Mashine?" akasema mzee. "Dada yangu aliniambia ufundi. Mimi nikajua cherehani."

Akisema hapana, ni hapana. Sina pa kukata rufaa, maana hata kumbembeleza siwezi.

"Muulize," akaendelea, "mashine anaitakia nini."

Madamu akanigeukia. Nikauambia ukuta, "Mwambie, nataka kujua yule fundi aligonga nini mle ndani."

"Anataka kujua fundi aligonga nini."

Kisha kikohozi. Sauti ya mzee ikaja chini, si ile ya matapeli.

"Mwambie mimi nilikuwepo siku ile. Nilikuwa upande wa pili wa ukuta. Nilimuuliza yule fundi, umegonga nini? Akaniambia, mzee, haya ni mambo ya kitaalamu. Kuku wangu amekula, halafu ananijibu hivyo." Akavuta pumzi. "Mwambie akishajua, amwambie Shangazi, Shangazi aniambie. Na Shangazi asinikatie maneno njiani kama alivyofanya kwenye cherehani. Haya, mama, andika!"

Akalitaja jina lake. Lote. La kwake, la baba yake na la babu yake, kwa sauti ya mtu anayeita mtumbwi kutoka ng'ambo. Mimi niliziba masikio, na hapa siwaandikii, msinisumbue. Atupele ndiye aliyepiga vigelegele. Yule kijana akaandikishwa useremala, akaonekana hana kinyongo.

Kurudi. Mzee alitangulia na bodaboda wake, mimi nyuma na Ambokile aliyenisubiri siku nzima, umbali ambao ukimwita mtu anasikia nusu. Watu huniuliza mila hii ilinizuia au ilinisaidia. Nilichojifunza mimi ni kwamba mtu unaweza kumkimbia miaka yote, kumbe usiku mmoja mmekosa usingizi kwa jambo moja, kila mmoja upande wake wa ukuta. Mengine waulizeni wataalamu, wana miwani.

Mbugani tulikuta pikipiki ya mzee imesimama mbele kidogo ya duka la vifaa, yeye amekaa juu yake, mgongo kwetu. Muuza duka akanikimbilia na kitu kimefungwa kwenye gazeti. "Mama, yule mzee amesema nimpe mwanamke anayekuja nyuma, na nisimtaje."

Nikafungua. Spana. Mpya, nzito, inang'aa.

Siwezi kumshukuru, mnajua. Nikamwambia muuza duka, "Kaka, nisaidie, piga kelele useme asante."

"Niseme nani anashukuru?"

"We piga tu, atajua."

Muuza duka akaweka mikono mdomoni: "Mzeeee! Ndaga fijo!"

Mzee hakugeuka. Aliinua mwavuli juu mara moja, kisha akamgusa bodaboda wake begani, wakaondoka.