Msichana Niliyemwandikia "Hafai"

Mwaka wa pili tangu tuhamie Mtwara, mkuu wa chuo aliniita ofisini akaniambia kuwa timu ya wasichana ya mpira wa kikapu sasa ni yangu. Sikuwa nimeomba. Nilikuwa mkufunzi wa jiografia katika chuo kile cha ualimu, nimetoka Bukoba na mume wangu aliyepangiwa kazi bandarini. Kosa langu lilikuwa kusema siku moja, wakati wa chai, kwamba niliwahi kucheza kikapu nilipokuwa mwanachuo.

"Basi wewe ndiye mtaalamu," mkuu alisema, na neno hilo liliniganda miaka yote niliyokaa pale.

Kila mwaka, kabla ya mashindano ya vyuo vya kusini, mtaalamu alitakiwa achague wasichana kumi na wawili. Kufundisha niliweza. Mtu akikosea mguu, unamrekebisha. Lakini kumtazama msichana ambaye hakuwahi kuugusa mpira ule mpaka alipofika chuoni, ukasema atakuwa mchezaji wa namna gani baada ya miezi minane, ni kazi nyingine kabisa. Na muda wa kuwatazama haukuwapo. Asubuhi walikuwa darasani. Alasiri nyingi tulikuwa shambani, walimu na wanachuo pamoja, tukipalilia mikorosho na mihogo ya chuo, maana elimu ilikuwa ya kujitegemea na hakuna aliyesamehewa jembe. Walipofika uwanjani viganja vilikuwa na malengelenge. Mpira wa maana tulikuwa nao mmoja. Wa pili ulivuja, ukiudunda mara kumi haunyanyuki tena.

Nilijiwekea daftari, kila msichana na ukurasa wake. Niliandika nimesimama, filimbi mdomoni, jua la magharibi likinipiga usoni.

Katika kundi la mwaka ule alikuwapo msichana mmoja mfupi, mwenye mabega mapana, kutoka bonde la Ruvuma. Wazazi wake walivuka mto kutoka ng'ambo kabla hajazaliwa, wakalima mpunga upande wetu. Kiswahili chake kilisikika Kimakonde, wenzake wakawa wanamcheka, akaona afadhali anyamaze. Uwanjani alikuwa na tabia iliyonikera. Akipata mpira hakai nao. Anaurusha papo hapo, na mara nyingi ulimgonga mwenzake begani au ukampita sikioni ukatoka nje.

"Mtazame unayempa," nilimwambia.

"Namtazama, Mwalimu."

"Mbona basi haudaki?"

Nilimrudisha mstarini nikamwambia adunde kwanza, ahesabu mbili, ndipo atoe pasi. Alifanya hivyo mara tatu, kisha akarudia yale yale. Jioni ile niliandika: *Pasi mbovu. Ana haraka. Haambiliki. Hafai.* Na wino wa neno la mwisho niliukoleza.

Ilikuwa imepita miezi saba hivi nilipomwomba rafiki wa mume wangu aje kuchezesha mechi yetu ya mazoezi. Alikuwa karani bandarini, mtu wa Tanga, aliyewahi kucheza kikapu Dar es Salaam kabla goti halijamwharibikia. Alichezesha nusu ya kwanza yote. Wakati wa mapumziko alinijia.

"Shemeji, yule mfupi ni nani?"

"Yule anapoteza mipira tu."

"Hapotezi yeye. Usiufuate mpira. Mtazame anayerushiwa."

Nusu ya pili nilifanya hivyo. Mpira ulipomtoka yule msichana, mwenzake alikuwa bado ameupa mgongo, mikono iko chini. Ulipofika, ndipo aligeuka. Baada ya mchezo karani alivua viatu, akaingia uwanjani na goti lake bovu, akamwambia yule msichana, "Nipe mimi." Alikimbia kuelekea golini. Kabla hajamaliza kugeuka mpira ulikuwa mbele ya kifua chake. Aliudaka kwa shida, akafunga. Wakarudia upande wa pili, wakarudia tena, na mpira ulifika kila mara.

"Huyu anaona mahali mtu atakapokuwa," aliniambia akifuta vumbi miguuni. "Wenzake ndio wanachelewa."

Ilipasa nifurahi. Badala yake nilimchukia karani siku nzima, kwa kuona katika saa moja jambo lililonipita miezi saba. Kisha hasira ikanirudia mwenyewe, na huko ndiko ilikokaa.

Kamati ya uteuzi ilikuwa inakutana baada ya siku tisa. Siku hizo zote niliwafundisha wengine kitu kimoja tu: kunyanyua mikono na kugeuka mapema. Wawili walianza kudaka pasi zake, na mchezo ukabadilika mbele ya macho yangu. Nilikwenda kwenye kamati nikiwa na matumaini.

Tulikuwa watatu: mkuu wa chuo, mimi, na afisa utamaduni kutoka ofisi ya mkoa. Afisa alikuwa mtu mpole na mwenye bidii. Asubuhi ile alikuwa amekuja na futi ya fundi cherehani kutoka mtaa wa Chikongola, akawasimamisha wasichana wote kwenye ukuta wa bwalo na kuwapima urefu.

"Kikapu ni urefu, Mwalimu," alisema. "Goli liko juu, haliko chini."

Nilimtaja yule msichana wa Ruvuma. Afisa alilivuta daftari langu, akafunua kurasa taratibu, akasimama kwenye moja.

"Hapa pameandikwa hafai. Mwandiko wa nani huu?"

"Wangu."

"Ehe?"

"Nilikosea."

"Ulikosea miezi saba, Mwalimu?"

Mkuu alicheka kidogo, si kwa ubaya. Nilieleza habari ya wanaodaka na wanaochelewa kugeuka, na nilivyozidi kueleza ndivyo nilivyojisikia kama mtu anayejitetea.

"Sasa niambie," afisa alisema, "kama ulikosea kwa huyu, tutajuaje kuwa hukukosea kwa wengine kumi na mmoja?"

Lilikuwa swali la haki. Nafasi alipewa msichana aliyewazidi wote urefu, aliyekuwa na wiki tatu tu tangu ashike mpira.

Nilimwendea yule mfupi mwenyewe, nikamkuta anafua nyuma ya bweni. Nilimwambia kuwa hakuchaguliwa na kwamba kosa lilikuwa langu.

"Haidhuru, Mwalimu," alisema. "Sisi tunaobaki, Jumamosi tunapalilia?"

Nilitamani alie, au anikasirikie. Nilimjibu kuwa ndiyo, watapalilia.

Songea, kwenye mashindano, tulifika kwa lori baada ya siku tatu za safari, njia ya Tunduru ikiwa tope tupu. Mechi ya kwanza tulifungwa. Ya pili tulishinda kwa kikapu kimoja. Ya tatu tulifungwa vibaya sana. Wasichana wetu warefu walisimama chini ya goli mikono juu, wakingoja, na mpira haukuwafikia. Afisa alikuwa ameketi kwenye benchi karibu nami.

"Tatizo letu," alinong'ona kwa uchungu, "hatuna mtu wa kuwafikishia mpira."

Nilimgeukia. Hakuwa akinikejeli. Alikuwa amesahau kabisa. Nilirudisha macho uwanjani, nikayaacha huko mpaka filimbi ya mwisho.

Yule msichana alihitimu, akapangiwa shule ya msingi huko huko bondeni kwao. Miaka miwili baadaye nilifika shuleni pale kukagua wanachuo waliokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha. Alikuwa mwalimu wa darasa la tatu. Alinipa shikamoo, akanitafutia kiti, akaniletea maji. Ombi la msamaha nililokuwa nimelitunga muda mrefu nililitoa lote, mpaka habari ya daftari.

Alisikiliza hadi mwisho.

"Mwalimu, kusema kweli, mchezo ule sikuupenda sana. Nilikuwa nautupa mpira upesi ili usikae kwangu."

"Lakini ulifika pale pale mtu alipokuwa anakwenda."

Alinitazama kama aliyeulizwa jambo la ajabu. "Si ndiko alikokuwa anakwenda?"

Kengele ililia. Alisimama akajifuta chaki kwenye khanga.

"Ungechaguliwa, ungekuja?" nilimuuliza.

"Ningetumwa, ningekuja," alisema, akaomba ruhusa, akaenda darasani.

Njia nzima ya kurudi Mtwara nilikuwa na hasira, na sikuwa na wa kumtupia. Nimewahi kuwasimulia wachezaji wa zamani mkasa huu. Wengine wanasema tulipoteza almasi, wengine wanasema aliogopa mpira tu. Mimi ndiye niliyemtazama miezi yote ile, na sijui.