Zenon Anatafutia Kamba Wake Chakula Hai

Ushirika ulipofunga mizani yake na biashara ya mahindi ikaachiwa kila mwenye lori, Zenon wa Milanzi, aliyekuwa mpimaji, alipewa mkono wa kwaheri na ushauri: ajiajiri. Ushauri ulikuwa wa bure, ndiyo maana ulitolewa kwa wingi. Akaja bwana mmoja wa mradi, kofia safi, akatufundisha sisi wa Ufipa, ambao asubuhi mafuta ya kupikia yanaganda kwenye chupa, namna ya kufuga kamba, wale wadudu wa majini wanaoliwa pwani. Wenye akili wakarudi kulima ulezi. Zenon akarudi na mfuko wa vijikamba.

Akavijengea tangi la saruji jikoni, karibu na mafiga, vipate joto. Mkewe Dominika alifurahi kama mke yeyote anayebanwa jikoni kwake apishe wadudu.

Kumbe kamba wachanga wana madaha, jamani! Hawataki kisichocheza. Pumba walizipita bila salamu. Dukani mjini kulikuwa na kikopo cha mayai ya vijidudu vya ng'ambo, ukiyaangua ndiyo chakula chao. Bei yake mbuzi mzima. Soko huria lilituletea kila kitu, likasahau pesa tu. Na kamba mchanga akikosa chakula hafi kwa adabu, anamla mwenzake. Kila kukicha tangini walikuwa wamepungua, na waliobaki wamenenepa.

Ndipo Zenon akakumbuka lambo la Bundala, mfugaji aliyepandisha ng'ombe wake kutoka Mtowisa. Kwa samadi ya ng'ombe hao wanaonywa humo, maji yalikuwa ya kijani, yamejaa vidudu vidogo vinavyorukaruka kama viroboto. Alfajiri akakunja suruali, akaingia na pazia jekundu la Dominika, akawa analikokota majini na kuvikung'utia vidudu ndooni.

"Njooni, njooni wazuri wangu," akibembeleza.

Sasa niambieni nyie: mtu wa Sumbawanga, kwetu huku kwenye sifa ya uchawi, alfajiri, kwenye maji ya ng'ombe wa mwenzake, na kitambaa chekundu, anaongea peke yake. Bundala afikirie nini? Kwamba anafua?

"Shikamoo, mzee Zenon," Bundala akasema, fimbo juu, maana heshima ni heshima. "Unamwita nani humo?"

"Marahaba. Nachukua wadudu."

"Wa kazi gani?"

"Wa kulisha wadudu wengine."

Jibu lile halikusaidia. Bundala akainyakua ndoo. "Hutoki na kitu hapa! Ng'ombe wangu akikohoa tu, ni wewe."

"Bundala, wangu kule nyumbani wanalana!"

"Wanalana?"

"Njoo uone mwenyewe!"

Wakaenda, ndoo kaishika Bundala. Jikoni, akamimina kidogo tangini, mkono kaunyoosha asikaribie. Vijikamba vikavamia. Bundala akachuchumaa, akatazama muda mrefu.

"Wanakamuliwa?"

"Hawakamuliwi."

"Wanalima?"

"Watauzwa hoteli kubwa za Dar."

"Na nyie wenyewe mnawala?"

"Hata kidogo!" akasema Dominika.

Bundala akacheka hadi akashika ukuta. "Mzee, bora ungekuwa mchawi, ungepata faida." Kisha akaimimina ndoo yote. "Kesho njoo mchana, ng'ombe wakishakunywa. Na ubishe hodi kama watu."

Asubuhi iliyofuata Dominika ndiye aliyechungulia tangi kwanza. "Leo hakuna aliyemla mwenzake," akatangaza, kama aliyefiwa na tumaini la mwisho la kurudishiwa jiko lake.