Siku Tano Katika Chumba cha Vitunguu

Majina ya watu wote wa habari hii ninayo kichwani, hata la nesi wa zahanati. Siyaandiki, maana wapo watakaoona haya, na wa kwanza ni mimi.

Mjukuu wangu wa kike alimaliza mafunzo ya jeshi, akapewa siku saba za kuja nyumbani Karatu kabla ya kupangiwa kituo. Alifika amekonda, kichwa kimenyolewa, amesimama wima kama aliyemeza mwiko. Alikuwa na hamu moja tu: kumpakata mtoto wa kaka yake, aliyezaliwa yeye akiwa kambini. Alikuwa amemwona kwenye simu tu, na sasa mtoto ana miezi saba.

Tulikaa jikoni akatusimulia. Kuruta mmoja, kitanda cha tatu kutoka chake, aliamka shingo imekaza na hataki mwanga. Wakamkimbiza hospitali. Homa ya uti wa mgongo. Alipona, ila sikio moja halisikii tena. Basi wakaja madaktari, wakawapitishia wote kijiti chenye pamba kooni.

"Na mimi wakanikuta na wale wadudu," akasema, anacheka. "Wamekaa tu kooni, mimi mzima. Tukapewa vidonge, tukachomwa na chanjo. Nipe mtoto, wifi."

Mimi vidonge sikuvijali, wala chanjo. Nilichosikia ni neno moja: kooni. Ugonjwa huo ulimchukua mtoto wangu wa pili kwa siku mbili, na hadi leo sijampa mjukuu yeyote jina lake. Nikainuka, nikamchukua mtoto mikononi mwa mama yake kabla hajampokea, na kikombe cha chai alichonywea mjukuu nikakitenga.

Sisi Wairaqw wa zamani tulijua kukaa pembeni. Nilipofiwa yule mtoto, hakuna jirani aliyekuja kuomba moto kwangu kwa miezi, wala ng'ombe wetu hawakuchungwa na wa wengine, mpaka siku zilipotimia. Haikuwa chuki. Ilikuwa adabu, kila mtu akilinda boma la mwenzake. Kwa hiyo sikuona vibaya kumwekea mjukuu wangu kitanda chumba cha nje, tunakohifadhi vitunguu mwanangu anavyoleta kutoka Mang'ola. Sahani yake, kikombe chake, mkaa wake.

"Bibi, hata mahabusu wa kambini anapitishiwa habari," alipiga kelele mlangoni siku ya pili. "Leo mtoto kala nini?"

"Kala. Rudi ndani."

"Ndiyo, afande!"

Siku ya tatu alitania kidogo. Ya nne hakutania. Mkwe, mama wa mtoto, alininong'oneza kwamba amemwona amesimama dirishani, anampungia mtoto mkono, na mtoto anaangalia kuku.

Siku ya tano ilikuwa ya kliniki. Nikamsindikiza mkwe zahanati, nikamweleza nesi yote, nikitegemea kusifiwa.

"Huyo binti alimeza vidonge?" nesi akauliza.

"Alimeza."

"Akachanjwa?"

"Akachanjwa."

"Basi koo lake huenda ni safi kuliko langu na lako, bibi. Wadudu wale wanakaa kooni kwa watu wengi wazima, hawajui. Wanapita kwa mate, kwa kukoholeana, kwa kulala mmebanana kama kule kambini. Mtu akiugua ndio tunakimbia hospitali." Akamgeukia mtoto, akamgusa shavu. "Huyu viazi anapondewa na nani?"

Mkwe akaangalia chini. Nikajibu mwenyewe, maana ni kazi yangu niliyoifanya kwa watoto tisa: "Namtafunia mimi."

Nesi hakunicheka. Alisema tu, "Ponda kwa kijiko, bibi."

Tukarudi nyumbani. Nilikuwa nimemfungia mzima, huku mimi natoa kilicho kinywani mwangu na kukitia kinywani mwa mtoto, asubuhi na jioni.

Nikaenda mlangoni pa chumba cha vitunguu. "Toka."

"Nimeachiliwa, au nahamishiwa zizini?"

"Toka, mama. Nimekosa mimi."

Neno hilo sikuwa nimewahi kumwambia mjukuu yeyote. Alinitazama, hakucheka. Akaenda kwenye ndoo, akanawa mikono hadi viwikoni, akarudia, na kunawa huko kuliniuma kuliko kama angenitukana. Kisha akampokea mtoto. Mtoto akamwona mgeni, akaangua kilio, akaninyooshea mikono mimi.

"Mchukue tu, bibi," akasema, akininyooshea mtoto.

"Kaa naye. Una siku mbili."

Nikatoka, nikazunguka nyuma ya nyumba ili mtoto asinione. Alilia sana. Nilisimama pale na mikono yangu mitupu, nikajizuia, mpaka kilio kikapungua, kikawa kwikwi, na nikamsikia shangazi yake anamhesabia hatua za gwaride, polepole, kushoto, kulia.