Swali la Baba Kuhusu Vumbi la Nyota

Mwalimu wetu wa fizikia alitoka Tanga, akapangiwa shule yetu ya bweni Kasulu, na baridi ya asubuhi hakuizoea kamwe. Alifundisha amevaa koti zito la bluu. Mpaka leo nikiona koti kama lile mnadani namkumbuka.

Siku moja aliwasha kibatari darasani, akashika sahani nyeupe juu ya moto, akatuonyesha masizi.

"Nyota ikizeeka inavimba, inaanza kupoteza hewa yake," alisema. "Hewa hiyo ikifika mbali inapoa, inaganda kuwa vumbi. Laini kama haya masizi."

Nikanyoosha mkono. "Na zile zinazolipuka, madamu? Vumbi lake si linaungua?"

"Jingi linasagika. Linalopona ni chembe kubwa kubwa, na zile zilizojibana kwenye mabonge. Ni kiasi gani hasa, wataalamu bado wanabishana."

Likizo ya Juni nilirudi nyumbani Busunzu. Mimi na baba tulikuwa tunapura maharage uani, vumbi la maganda limetujaa kichwani, nikamsimulia somo lile. Baba alivuka kutoka Burundi akiwa mtoto. Hilo tulilijua. Alivuka vipi, na nani, hakuwahi kusema, na mama alishatukataza kuuliza.

Akaacha kupiga. "Sema tena. Zinazopona ni zipi?"

"Kubwa, na zilizojibana pamoja."

"Ego," alisema, yaani ndiyo kwa lugha ya nyumbani kwetu. Akakaa juu ya gunia. "Sisi tulijificha kwenye matete, watu tisa. Mama alitubana. Mimi nilikuwa katikati. Waliokuwa pembeni hawakufika."

Aliongea mpaka kivuli cha nyumba kikatufikia. Majina ya dada zake wawili niliyasikia siku ile kwa mara ya kwanza. Nililia mimi, yeye hakulia. Kisha akasema, "Mwulize mwalimu wako. Hilo vumbi, linajulikana limetoka nyota gani?"

Shule ilipofunguliwa nilimwuliza mwalimu, hakujua. Zilipita wiki mbili akisoma, ndipo akaniita ofisini.

"Mwambie mzee, ndani ya baadhi ya mawe yanayoanguka kutoka angani kuna chembe kongwe kuliko jua letu. Wakizipima wanajua zilitoka nyota ya aina gani. Nyota yenyewe, hapana. Ilishakufa."

Nilimwandikia baba, nikaituma barua kwa basi la Kibondo. Mama anasema aliisoma mara mbili, halafu akawaita wadogo zangu wote wakae, akawaeleza na wao yale ya matete.

Mwalimu alihamishwa kabla hatujamaliza kidato cha nne. Hatukuagana vizuri, na hilo linaniuma. Mimi sasa nafundisha somo lake Kibondo.

Mwaka jana baba alitupeleka Kitanga, kwenye kilima walikotokea baada ya kuvuka. Siku hizi ni shamba la mihogo. Mama mwenye shamba alitusikiliza, akaingia ndani, akatuletea uji. Baba aliunywa amesimama, macho yake upande wa Burundi, akaomba kikombe cha pili.