Jua la Mara kwa Saa za Birmingham

Sikusoma sana. Niliachia darasa la nane, Garissa, na Kiingereza nimekiokotea hapa Birmingham, kwenye mabasi na kazini. Kwa hiyo kila kitu cha kazi nakiandika kwenye daftari kwa Kiswahili, halafu nakisoma mara mbili. Hili naliandika ili baadaye nisije nikajidanganya kwamba halikuwa kosa langu.

Ofisi yetu ni chumba kimoja juu ya duka la vitambaa, Soho Road, Handsworth. Mwenyewe ni mzee wa Kisingasinga aliyezaliwa Kisumu. Tunawapangia watu wa hapa safari za Kenya. Januari ilikuja familia moja ya Kiyahudi: bwana mwenye duka la miwani, mkewe, binti zao wawili, na mama yake huyo bwana, bibi aliyepita miaka themanini. Walitaka kwenda Mara mwishoni mwa Mei, lakini katikati ya safari ingeangukia sikukuu yao ya kupewa Torati. Ingeingia Alhamisi jioni, iunganike na Sabato, itoke Jumamosi usiku ukiingia. Muda wote huo hawapandi gari, hawashiki simu, hawaandiki.

Bibi ndiye aliyenieleza, akinishika mkono. "Mwanangu, tangu nizaliwe sijapanda gari siku ya sikukuu. Hata mume wangu alipofariki, tulingoja Sabato itoke ndipo tukamzika."

Mzee akacheka kutoka mezani kwake. "Kazi hii ni yako wewe. Nyinyi Waislamu na wao kesi ya nyama ni moja!"

Nilifurahi, sitaficha. Mambo mengi niliyajua bila kufundishwa. Niliwafanya watu wa kambi wanunue sufuria mpya seti mbili, ya maziwa na ya nyama, maana bibi alisema kwao havichanganywi, wafunge uzi mwekundu kwenye vishikio vya seti moja. Na kwamba siku inaanza jioni, hilo nani wa kunifundisha? Kwetu pia usiku wa Ijumaa ni ule wa Alhamisi tunapolala. Dada yangu aliniuliza kwa nini najichosha hivyo kwa Wayahudi, na dunia ilivyo sasa. Nikamwambia yule bibi hajanikosea lolote. Lakini nilijiuliza pia kama nilikuwa nataka tu kusifiwa. Pengine.

Yule bwana aliniachia karatasi ya sinagogi yao yenye saa za kuwasha mishumaa. Ya Alhamisi ile ilisema saa tatu kasoro dakika chache, usiku. Nikaandika kwenye daftari: sikukuu inaingia saa tatu. Nikapanga ndege ndogo iwafikishe Mara alasiri, dereva awapokee, wazunguke wakitazama wanyama taratibu, wafike kambini saa moja na nusu. Hapo wangebaki na zaidi ya saa nzima ya kuoga na kujitayarisha. Watu wa kambi hawakuona ajabu. Ni hifadhi ya wenyeji, gari linaruhusiwa kutembea hata giza likiingia, na wageni wengi hupenda.

Basi Alhamisi ikafika. Saa tisa kasorobo mchana nilikuwa ofisini nakunywa chai. Dereva akanitumia picha kwenye simu: familia nzima uwanjani, bibi amevaa kofia, wote wanacheka. Nikaanza kutabasamu na mimi. Halafu nikaona vivuli vyao. Vilikuwa virefu, vimelala kwenye nyasi mpaka nje ya picha.

Nikaangalia dirishani. Soho Road jua lilikuwa juu kabisa.

Sijui nieleze vipi. Mimi ndiye niliyefunga Ramadhani hapa miaka ilipoangukia kiangazi, tukifuturu saa tatu na nusu huku watoto wamesinzia mezani. Na mimi ndiye niliyekulia Garissa, ambako magharibi ni saa kumi na mbili na nusu, leo, kesho, mwaka mzima. Vyote viwili nilivijua mwilini mwangu. Lakini miaka kumi na miwili ya Birmingham ilikuwa imenifundisha kwamba Mei ina jioni ndefu, nikaibeba jioni ile ndefu nikaipeleka mpaka Mara. Karatasi ilikuwa ya jua la Birmingham. Nikafungua barua aliyotuletea yule bwana alipoagiza safari, nikitumaini kwamba naye alikosea. Hapana. Aliandika wazi: jua likizama huko mtakakotupeleka.

Kenya ilikuwa tayari saa kumi na moja kasorobo. Nikampigia dereva. Hapatikani. Tena. Hapatikani. Nikapiga kambini, ikaita mpaka ikakatika. Mzee aliniona nimesimama nimeshika meza.

"Nini, dada? Nani amekufa?"

Nikamweleza. Akavua miwani. "Wai! Yule bibi?"

"Yule bibi."

Mara ya sita meneja wa kambi akapokea. Saa kumi na moja na dakika ishirini za kwao. Nikamwambia awaite kwa redio ya gari, wageuze sasa hivi, wasisimame hata kwa simba.

"Madam, wako ng'ambo ya mto, wamepata duma," akasema. "Kutoka huko ni saa moja na zaidi, na njia ina matope."

"Waambie wageuze."

"Nimesikia. Lakini jua nalo haliko mbali, madam."

Nikakaa. Mzee alinisogezea chai, ikapoa. Saa kumi na nusu za hapa, ambazo kwa Mara ndizo zile za kuzama jua, nilisimama dirishani nikitazama watu wakinunua mboga kwenye mwanga mweupe.

Dereva alipiga karibu saa kumi na moja na nusu, amepanda kilima kutafuta mtandao.

"Tumefika. Lakini si kwa gari, dadangu."

"Kivipi si kwa gari?"

"Tulibakisha kama nusu kilomita, taa za kambi naziona. Yule nyanya akatazama jua likiingia nyuma ya kilima, akaniambia simama. Kijana yake akamwambia sheria yao inakubali gari palipo na hatari ya kufa. Nyanya akasema, hatari gani, na taa hizo hapo? Akafungua mlango. Akashuka!"

"Na wanyama?"

"Nyati watatu kando ya mto. Wale wazee wa kiume, wabaya. Nikaita askari wa kambi, wakaja watano na tochi, wakamzunguka. Familia yote ikashuka naye. Mimi nikafuata nyuma polepole, taa kubwa nimewasha. Alitembea pole sana. Nilikuwa nasikia nyati wakipumua, nakuambia ukweli."

"Yuko mzima?"

"Amefika. Hajakula. Amesema amechoka, ameingia kulala."

Tangu hapo simu zao zilizimwa, ya kambi haikupokelewa, na dereva alirudi bondeni kusiko na mtandao. Siku mbili. Niliwaza moyo wa mtu wa themanini na zaidi, kule ambako daktari ni mpaka ndege ije. Nikisali nilisahau nimefika rakaa ya ngapi. Ijumaa nilipika ugali ukaungua. Mzee alinipigia Jumamosi nikiwa nyumbani, Great Barr.

"Akipiga yule bwana, sema kosa ni la kambi. Kambi haijui mambo ya Kiyahudi, itaeleweka."

Simlaumu. Aliogopa kama mimi, na si mtu wa uongo. Nami nililifikiria jambo hilo, ni vizuri niseme. Nililifikiria kama dakika kumi.

Saa kumi na moja na nusu alasiri simu ikaita. Yule bwana.

"Sabato imetoka," akasema. "Nieleze kilichotokea Alhamisi."

Nikamweleza. Karatasi, vivuli, yote. Nikamwambia kambi ilifuata maagizo yangu, na dereva alifanya zaidi ya kazi yake. Kiingereza kikanipotea katikati, nikaanza tena.

"Mama yangu alitembea gizani na nyati," akasema. "Amelala jana mchana kutwa. Leo alikula, alisali. Goti limevimba. Binti zangu walilia. Nashukuru umesema kweli. Lakini nina hasira, na nitakuwa nayo nikirudi."

"Una haki," nikasema.

"Mama mwenyewe anasema hana hasira. Huyo ni yeye."

Akaniuliza Ijumaa inayofuata, watakapokuwa Amboseli, wanafika kambini saa ngapi. Nikafungua daftari. Nilikuwa nimeandika saa moja na nusu. Nikamwambia nitampigia baada ya dakika tano, nikampigia dereva, ambaye kwa bahati alikuwa kilimani, nikamuuliza jua la Amboseli linazama saa ngapi.

Akacheka, akanitajia. Nikamwomba arudie. Halafu nikamwomba anitafutie namba ya mtu aliyeko Amboseli kwenyewe, nimuulize na yeye, gharama nitalipa.

"Gharama ya nini, dadangu? Namba nitakupa bure," akasema.

Nikaandika namba kwenye daftari, nikaisoma mara mbili, ndipo nikapiga.